Bendera ya Kaa kwenye Nyumba ya Kijani

Ijumaa, 18 Oktoba

Daktari amenikataza kupayuka. Alinipima presha mara mbili, akakitazama kipimo kana kwamba kimemtukana, kisha akaniuliza msimu wa besiboli unaanza lini. Nikamwambia kesho. "Basi Bi Eneida," akasema, "mwaka huu hasira ikikupanda usipige kelele. Chukua kalamu uandike." Ndiyo hii kalamu. Hasira bado haijapanda, ila njia yake naijua na yenyewe inaijua nyumba yangu.

Nianze na yale ambayo mtaa mzima unayajua. Nyumba yetu ni ya kijani ndani na nje, kwa sababu mume wangu Cristino ni fundi rangi na ni shabiki wa timu ya Majogoo, nami ni Majogoo tangu tumboni mwa mama. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu, anakaa Ubaldina, ambaye ni Kaa. Nyumba yake ina rangi ya chungwa lililoanza kuoza. Timu zote mbili ni za hapahapa Santo Domingo, zinatumia uwanja mmoja na vyoo vilevile, na hazipendani hata kwa dawa. Mimi na Ubaldina tuna ahadi ya miaka mingi: ambaye timu yake itamaliza nyuma ya ile ya mwenzake, siku ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari, atatundika bendera ya mwenzake barazani kwake mpaka bingwa apatikane. Bendera ya Kaa nimeitundika mara nyingi mno. Matundu ya misumari ukutani kwangu hayahitaji tena nyundo.

Jambo la pili ni kwamba mimi ni nuksi. Majogoo walichukua kombe mara ya mwisho mwaka ule nilipotolewa mawe ya nyongo, na siku ya fainali nilikuwa nimelala kwa dawa ya usingizi, sijui hili wala lile. Kabla ya hapo niliwashangilia wakashindwa, na baada ya hapo nimewashangilia wakashindwa. Watu wakajumlisha. Nikiingia uwanjani wanapigwa, nikiwasha televisheni mrushaji wao anaumia bega. Kwa hiyo siku hizi nasikiliza redio jikoni kwa sauti ya chini, nikijifanya napika.

Na mwaka huu Leuris anawarushia Majogoo mpira. Leuris ni mwanangu wa ubatizo. Mama yake alipokwenda Uhispania kutafuta maisha alimwacha mikononi mwangu, kitoto kinachoogopa giza, na mimi ndiye niliyemlea. Sasa yuko kwenye timu yangu halafu siruhusiwi kumshangilia. Hilo daktari hakuniambia naliandikaje.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tumepigwa. Mvua.

Ijumaa, 25 Oktoba

Saluni yangu iko sebuleni: viti vitatu na drai mbili, moja mbovu. Ubaldina huja kila Ijumaa, vita viwepo visiwepo, kwa sababu anasema katika jiji zima hakuna mkono kama wangu. Akishakaa chini ya drai hasikii kitu, basi anaongea kwa kupiga kelele.

"ENEIDA! MAJOGOO WENU SIKU HIZI WANATAGA?"

"Jogoo hatagi, Ubaldina."

"EEH?"

"Nimesema kichwa bado kibichi!"

Wateja walicheka mpaka mmoja akadondosha rola. Nilipomtoa Ubaldina chini ya drai nikamvuta nywele kwa brashi zaidi ya ilivyohitajika. "Vuta tu, jirani," akasema. "Kichwa cha mtu aliyezoea kushinda hakiumi."

Jumapili, 3 Novemba

Mvua. Mechi imeahirishwa. Hii ndiyo siku yetu nzuri kuliko zote mwezi huu.

Jumamosi, 9 Novemba

Leuris amekuja kula. Nimempikia ndizi za kuponda, jibini ya kukaanga na vitunguu vya siki, na amekula nusu sahani. Mtu huyu zamani alikuwa anakomba sufuria.

Nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna. Nikamwuliza tena. Akaweka uma chini. Tangu alipopasuliwa kiwiko, timu yake ya huko Marekani imemwacha, na hakuna nyingine iliyompigia simu. Wakala wake anamwambia watu wa Meksiko na wa Japani huja kuangalia wachezaji mwezi wa Januari tu, na wanaangalia timu zilizobaki. Asipopata mkataba mpaka Januari iishe, ataacha mpira. Amemwahidi mkewe. Baba mkwe wake amemwekea nafasi kwenye karakana ya matairi.

"Kazi ya matairi si mbaya," nikasema.

"Sijasema ni mbaya, Mama. Nimesema si yangu."

Hapo umeme ukakatika. Nilikuwa nimesimama jikoni, na bila kufikiri nikapaza sauti kama nilivyokuwa nikifanya kila usiku wa utoto wake: "Mama yupo!" Nikamsikia akicheka gizani. "Mama," akasema, "mimi nina ndevu sasa." Lakini alicheka kweli, na umeme uliporudi alimaliza sahani.

Jumamosi, 16 Novemba

Leuris amerusha zamu mbili bila mpira wake kuguswa. Mimi nilikuwa bafuni nimefungulia maji nisisikie.

Ijumaa, 22 Novemba

Wamekuja wajumbe. Walikuwa wanaume wanne wa Majogoo wakiongozwa na Fello, mwenye duka la kona, wote wamevua kofia kama waliokuja kuposa. Nikawapa chai ya tangawizi. Fello akakohoa, akasema timu bado ina nafasi kidogo ya kuingia raundi ya pili, na wikiendi hii kuna mechi mbili za kufa na kupona. Wangeomba, kama sitajali, niende kumtembelea dada yangu kule Baní. Tiketi ya basi walikuwa wameshanikatia.

Nilicheka. Cristino akacheka pia, halafu akakodolea macho sakafu, maana naye alikuwa anajua tangu mwanzo. Nikafunga begi. Sikulia mbele yao, nililia kwenye basi, na mwanamke aliyekaa pembeni yangu akadhani ninakwenda mazikoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Wameshinda zote mbili. Fello alinipokea kituoni akanikumbatia. "Mungu akubariki, Eneida, kwa kutokuwepo kwako."

Jumapili, 8 Desemba

Upepo wa Krismasi umeanza kuvuma na watu wametoa masweta. Mimi nimerudi mjini na Majogoo wamerudia kushindwa.

Ijumaa, 20 Desemba

Tumetolewa. Tumeshika mkia. Cristino amezima redio, akaifunika kwa taulo, akaenda kulala na viatu.

Jumatatu, 23 Desemba

Ngoja niandike polepole.

Kwenye ligi yetu, raundi ya kwanza ikiisha, timu nne zinazobaki huruhusiwa kuchukua wachezaji kutoka kwenye zile zilizotolewa. Wanachagua kwa zamu, hadharani, na redio inatangaza. Kila mwaka nafuatilia kama mnada wa vitu vya jirani aliyehama. Leo nilikuwa kichwani kwa mteja, mikono imejaa rola, mtangazaji akasema, "Kaa wanamchukua mrushaji wa mkono wa kulia kutoka Majogoo," halafu akataja jina la mwanangu.

Wateja wangu wa leo wote walikuwa Majogoo. Mmoja akajipiga ishara ya msalaba. Mwingine, msichana wa benki, akasema, "Lakini si vizuri? Kaa wana nguvu. Wataonekana mpaka mwisho, na yeye ataonekana."

"Bora aonekane uchi sokoni," akasema yule wa msalaba.

"Jiji ni jiji, mama. Mimi wakicheza na Farasi wa kule Santiago, kaskazini, nitawashangilia Kaa."

"Bora Farasi mara mia! Farasi ni adui wa mbali. Kaa ndio wanaokuzomea ukienda kununua mkate."

Wakageuka wote kunitazama mimi. Nikasema drai imeungua, jambo ambalo halikuwa kweli.

Cristino alisikia kwa Fello. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye picha ya Leuris iliyopo juu ya friji, akaigeuza ikatazama ukuta. Nami nikaiacha, maana sikujua ningeirudisha kwa hoja gani.

Jioni nikamwona Ubaldina anavuka barabara. Nikajiandaa. Miaka yote hii amenizomea kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na leo alikuwa na haki ya kuja na tarumbeta. Akasimama mlangoni na mikono mitupu.

"Mtoto anakula nini kabla ya kurusha?" akaniuliza.

"Nini?"

"Leuris. Mpishi wa pale uwanjani ni binamu yangu. Nataka nimwambie. Hatutaki afike kwetu akafa njaa mkaja kusema Kaa ni wachoyo."

Nikamwambia ndizi za kuponda, vitunguu vingi, jibini isiyo na chumvi sana. Akarudia maneno yangu njia nzima akivuka barabara asije akayasahau.

Jumanne, 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi. Nyama ya nguruwe, wali wa mbaazi, mkate wa sikukuu. Leuris amekuja na mkewe. Kofia yake ya Kaa alikuwa ameificha ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayebeba kipimo cha choo kwenda maabara. Cristino aliuona mfuko, akachukua sahani yake, akaenda kula barazani.

"Nisamehe, Mama," Leuris akasema.

"Umefanya nini cha kusamehewa? Umechaguliwa."

"Utanishangilia?"

Nikamwambia, "Wewe nitakushangilia. Hao wengine watajua wenyewe." Akatabasamu, lakini mkewe alinitazama, nami nikajua nimesema upuuzi. Mpira akiurusha yeye unakwenda kwenye mikono ya hao wengine.

Na tena, anajua mimi ni nani. Hakuniomba nije uwanjani. Nilimshukuru na nikaumia kwa pamoja.

Jumamosi, 28 Desemba

Kaa wameshinda. Leuris hakutumwa kurusha.

Ijumaa, 3 Januari

Leo nimewasha televisheni. Nilijiambia kwamba Kaa siwashangilii, kwa hiyo macho yangu hayawezi kuwadhuru.

Walikuwa wanacheza na Farasi. Zamu ya nane, pointi sawa, kocha akamtuma Leuris. Mpira wake wa tatu ukapigwa, ukaenda, ukaenda, ukavuka ukuta na taa na nadhani hata barabara. Mashabiki wa Kaa wakamgeukia mwanangu. "Rudi bandani, jogoo!" walimwimbia kwa ngoma na vikwaruzo vyao. Nilikaa na kalamu mkononi kama daktari alivyosema na sikuweza kuandika hata herufi.

Halafu niliona mambo mawili. La kwanza ni yule mdakaji wao mzee, Nolberto. Nimemtukana mtu huyu tangu akiwa na nywele. Alitoka mahali pake akatembea kumfuata Leuris, taratibu, taratibu mno, akasimama mbele yake upande ule wenye kelele nyingi. Aliuchukua mpira, akaufuta vumbi, akaugeuza, akaufuta tena, akalegeza kamba ya kiatu na kuifunga upya. Mwamuzi akaja kumfokea, naye akamwomba radhi kwa unyenyekevu wote kisha akaanza kiatu cha pili. Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anampa mtoto muda wa kupumua, na mwili wake mpana ulikuwa umemkinga asiwaone waliokuwa wakimzomea.

La pili, kamera ilikwenda kwa watazamaji, na huyo hapo Ubaldina. Amesimama juu ya kiti, amegeukia nyuma, mgongo kwa uwanja, anawanyooshea kidole mashabiki wa timu yake mwenyewe.

Jumamosi, 4 Januari

Nimevuka barabara na chupa ya asali na tangawizi. Ubaldina hana sauti kabisa. Ameniambia kwa kunong'ona:

"Niliwaambia huyo ni mtoto wa mtaani kwangu. Kofia ikishakuwa kichwani ni wetu, mkimzomea yeye mnanizomea mimi. Mmoja wa safu ya nyuma akaniuliza, 'Kwani mama wewe ni Jogoo?' Eneida, katika maisha yangu sijawahi kutukanwa vile."

Nilimkorogea asali yake. Tangu nimjue nimeamini kwamba mwanamke huyu ana roho ya maji baridi. Kumbe mimi nilikuwa nayaona mambo kutoka upande mmoja wa barabara. Nampenda, basi. Nimeandika. Hatalisoma.

Jumatatu, 6 Januari

Wafalme Watatu, siku ya zawadi za watoto. Watoto wametapakaa barabarani na baiskeli mpya na wengine na michubuko mipya ya magoti. Nilitoa ngazi. Ubaldina akaja na bendera ameipiga pasi, ina kaa mkubwa wa rangi ya chungwa ameinua makoleo, na tukaitundika pamoja, kila mmoja pembe yake. Cristino alitazama kupitia dirishani na kufunga pazia.

Ubaldina hakuondoka. Alikuwa anasugua mikono.

"Jirani, nina ombi, na usinichukie. Usitushangilie."

"Nani kakwambia nawashangilia?"

"Macho yako. Tangu siku ile. Unaanza kutupenda, Eneida, na sisi tunataka kombe."

Nikawaka. Nikamwambia hata yeye! Fello namwelewa, Fello ni mpumbavu, lakini wewe? Akanishika mkono. "Nisikilize. Leuris ana wiki tatu za kuonekana. Tukitolewa, anakwenda kuziba matairi. Mimi siamini mambo ya nuksi hata kidogo. Lakini sitaki kujaribu na mtoto." Akashusha sauti. "Utushangilie wapinzani wetu. Washangilie Farasi. Kwa nguvu zote, kama unavyowashangilia Majogoo."

"Na nuksi ya kujifanya inafanya kazi?"

"Tutajua."

Nimelala na jambo hili mchana kutwa. Ninachotaka ni kumwita mtoto wangu kwa jina ashinde, na ninachoombwa ni kuwaombea wanaompiga. Nimekubali. Kwa ajili yake ningeshangilia hata mvua siku ya harusi.

Ijumaa, 10 Januari

Nimewashangilia Farasi mpaka vifuniko vya sufuria vimelia. Kaa wameshinda.

Jumapili, 12 Januari

Tena. Kaa tena. Fello ameniuliza dukani kama nimehamia kaskazini.

Nimekuta kitu bafuni. Redio ndogo ya Cristino, nyuma ya ndoo, betri bado za moto. Niliirudisha palepale.

Ijumaa, 17 Januari

Kaa wamefika fainali. Watacheza na Farasi, na watakaoshinda mechi nne ndio mabingwa. Leuris amerusha zamu safi, na Nolberto alimpiga kichwani kwa glovu kama baba anayejisahau. Sikushangilia. Niliuma taulo.

Jumamosi, 25 Januari

Tatu kwa tatu. Kesho ndiyo ya mwisho. Wakala amemwambia Leuris mtu wa Meksiko atakuwepo. Ubaldina ameninunulia tiketi upande wa mashabiki wa Farasi, na kofia ya njano. "Ukiwa karibu nao itawaingia vizuri," amesema. Cristino ameniambia nikienda kwenye mechi ya Kaa nisimtaje jina yeye, mume wangu. Nikamwuliza nani atanitaka nimtaje.

Jumapili, 26 Januari

Nitaandika yote.

Sikuwa nimeingia uwanja ule kwa miaka mingi. Nilisahau harufu ya nyama ya kukaanga ikichanganyika na nyasi mbichi, na jinsi uwanja unavyokutokea ghafla ukimaliza ngazi, wote kwa mkupuo. Mechi ilianza jua likiwa bado kali. Nilivaa kofia ya njano nikakaa katikati ya Farasi nikafanya kazi niliyotumwa. Nilipiga mbinja, nikawaita wapigaji wao "mwanangu" na "kipenzi". Mzee mmoja pembeni akanigawia karanga.

"Wewe ni wa Santiago, mama?"

"Damu yote!"

Na Kaa wakaongoza. Zamu ya tisa, ya mwisho, walikuwa mbele kwa pointi moja. Farasi wawili wakatolewa; akitolewa mmoja tu zaidi, mechi imekwisha. Lakini mrushaji wa Kaa akachoka, Farasi wakajaa kwenye vituo vyote vitatu. Kocha akatoka akipunga mkono. Nikamwona Leuris anakuja mbio ndogo kutoka uwanja wa nyuma.

"Huyu!" mzee akashangilia. "Huyu si yule tuliyempelekea mpira barabarani? Kwisha habari yao!"

Upande ule wote ukasimama. Kelele ilikuwa inatoka kwenye saruji. Leuris akasimama peke yake kwenye kile kilima cha mrushaji, na nikamwona anafuta kiganja kwenye paja la kushoto. Anafuta, anafuta. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya kitandani umeme ukikatika, kabla sijamwita.

Nilijua wajibu wangu. Nilitakiwa niite Farasi. Nikafungua mdomo na neno halikutoka. Mpira wa kwanza mbaya, wa pili mbaya. Nikafungua tena, hakuna kitu. Nikawaza: nikimwita nitamwangusha, nisipomwita atabaki gizani na mimi niko hapa nimevaa kofia ya watu wengine. Na nikachoka. Nimechoka miaka mingi kuogopa kumpenda mtu kwa sauti. Nikavua kofia, nikapanda juu ya kiti, nikapiga kelele ambayo daktari hataisamehe:

"LEURIS! MAMA YUPO!"

Mzee akaacha kutafuna. Sijui kama mwanangu alinisikia. Mkono wake uliacha kufuta paja, hilo nililiona kwa macho yangu. Akarusha: mpigaji akakosa. Akarusha: akakosa. Nikaita tena, "MAMA YUPO!" Akarusha, na mpira ukagongwa, ukapaa moja kwa moja juu, ukaanza kuja upande wetu.

Hapo nikamwona Nolberto. Arobaini inamwita, magoti yake yanajulikana nchi nzima, na alitupa barakoa na kukimbia kama anafukuzwa na mbwa, akaja mpaka kwenye uzio wetu, akaegemeza kifua, akanyoosha mkono katikati ya Farasi wote waliokuwa wanamrushia bia, na kuudaka chini ya pua yangu kabla haujagusa chini: mpigaji katoka, Kaa ni mabingwa. Nilimwona usoni. Alikuwa anacheka kama mtu aliyeamka. Nikampigia makofi, na nililia, na nilimwambia maneno ambayo nitakapokufa Majogoo wayasamehe.

Ubaldina alinipata kwenye ngazi. Alikuwa amepauka.

"Nimekusikia," akasema. "Kutoka upande ule mwingine nimekusikia. Nikasema basi, tumekwisha, kamwita."

"Nilimwita."

"Kwa moyo wote?"

"Wote. Na wale wengine pia niliwashangilia, mwishoni."

Tukatazamana. Nyuma yetu ngoma zilikuwa zimeanza na watu wanabebana. Niliona wazo linamwingia taratibu.

"Kwa hiyo si wewe," akasema.

"Inaelekea si mimi."

"Miaka yote ile, Eneida, wanakupeleka Baní." Akanishika mashavu yote mawili. "Kumbe ni wabovu tu! Majogoo wenu ni wabovu wenyewe, kwa juhudi zao!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi, nikalia kwenye bega lake la chungwa, na watu wakaturuka kupita.

Jumatano, 29 Januari

Leuris amepigiwa simu na watu wa Meksiko. Amesaini. Ataondoka mwezi ujao na mkewe. Alikuja kunielekeza kwenye ramani ya simu ni wapi, akala sahani mbili, akakomba sufuria. Sikumwuliza kama alisikia. Alipofika mlangoni akageuka akasema, "Mama, uwanja mzima ulikuwa na taa," akacheka, akaenda.

Picha yake juu ya friji inatazama chumba tena. Hakuna aliyesema aliyeigeuza.

Fello amepita kuniomba msamaha. Anasema wamekaa kikao, na msimu ujao wangependa niwe uwanjani, safu ya mbele. Nimemwambia anikatie tiketi ya basi halafu tutazungumza.

Bingwa amepatikana, kwa hiyo leo asubuhi nilichukua nyundo nikatoka kuishusha bendera, kama ahadi inavyosema. Nikavuta pembe moja, haikutoka. Nikavuta nyingine. Mtu alikuwa ameongeza misumari, mipya, mirefu, kila pembe miwili. Cristino alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

"Iache kidogo," akasema. "Wanakwenda kuiwakilisha nchi wiki ijayo. Upepo huu ungeing'oa."

Niliposogea karibu nikaona vichwa vya misumari. Amevipaka rangi ya kijani, kimoja kimoja, kwa brashi ndogo.